Picha za ukutani za Kanisa Kuu la Utatu Mtakatifu, Port-au-Prince: Uhakiki

1. Utangulizi

Kanisa Kuu la Utatu Mtakatifu mjini Port-au-Prince, nchini Haiti, ni la Kanisa la Kiepiskopali, yaani tawi la Uanglikana lenye mizizi yake Marekani. Kwa muda wa miaka sitini hivi, wageni wengi walioingia humo hawakuja kusali bali kutazama kuta. Kati ya mwaka 1950 na 1951, wachoraji wa Haiti walizifunika kuta hizo kwa picha 14 zilizosimulia habari za Biblia kwa sura za Wahaiti na mandhari ya Haiti. Tarehe 12 Januari 2010 tetemeko la ardhi lenye nguvu ya 7.0 lililibomoa kanisa hilo pamoja na sehemu kubwa ya mji. Katika zile picha 14 zilisalia tatu tu ambazo ziliweza kuokolewa.

Makala haya yanakusudia kuzihakiki picha hizo kama kazi ya sanaa, na kujibu swali moja ambalo tetemeko limelifanya lisikwepeke: kitu kilichokuwa kikitembelewa katika kanisa hilo kilikuwa nini hasa, na je, kimeokolewa?

Huenda msomaji akauliza kwa nini jarida la taaluma ya Kiswahili nchini Kongo lijishughulishe na kanisa la ng'ambo ya bahari. Sababu ni tatu. Kwanza, idadi kubwa ya watumwa waliofikishwa Saint-Domingue, kama Haiti ilivyoitwa wakati wa ukoloni wa Ufaransa, walitoka pwani ya Kongo. Na jina la Simbi, pepo wa majini wa Wakongo, linatajwa hadi leo katika dini ya Vodou. Pili, historia ya uchoraji wa Haiti inafanana kwa namna ya kustaajabisha na historia ya uchoraji wa Lubumbashi. Tatu, uhakiki wa picha za aina hii unatulazimisha kuyapima upya maneno ambayo Kiswahili kinayatumia, au kinayakosa, kinapozungumzia kazi ya mchoraji asiyepitia shule ya sanaa.

2. Kanisa na historia yake

Picha hizo haziwezi kueleweka bila ya kujua zilichorwa kwenye kuta za nani. Mwanzilishi wa Kanisa la Kiepiskopali nchini Haiti ni James Theodore Holly, Mmarekani mweusi aliyezaliwa huru mjini Washington mwaka 1829. Mwaka 1861 alihamia Haiti akiongoza kundi la watu weusi zaidi ya mia moja, kwa imani kwamba mtu mweusi hana budi kujenga taifa lake mahali anapojitawala. Wengi wa kundi hilo, wakiwemo watu wa nyumba yake mwenyewe, walifariki kwa magonjwa katika miezi ya mwanzo. Holly hakurudi. Mwaka 1874 aliwekwa wakfu kuwa askofu, akawa mtu mweusi wa kwanza kuupata uaskofu katika Kanisa la Kiepiskopali, na aliliongoza kanisa la Haiti hadi alipofariki mwaka 1911.

Baada ya kifo chake kanisa hilo liliwekwa chini ya uangalizi wa kanisa la Marekani. Muda si mrefu, yaani mwaka 1915, majeshi ya Marekani yaliivamia Haiti na kuikalia hadi mwaka 1934. Jengo la kanisa kuu lililokuja kupambwa kwa picha lilijengwa katika miaka ya 1920, wakati wa ukaliaji huo. Jambo hili ni la kuzingatiwa sana. Kanisa lililoasisiwa na mtu mweusi aliyekimbilia uhuru lilijipatia kuta zake wakati nchi yenyewe haina uhuru.

Kwa wasomaji wa Kongo hali hii si ngeni kabisa. Kanisa la Kianglikana la huku nalo halikuletwa kwanza na Mzungu, bali na Apolo Kivebulaya, Mganda aliyefika Boga mwaka 1896. Huko Boga na kule Port-au-Prince, mbegu ilipandwa na mkono mweusi, ingawa baadaye vitabu, fedha na ramani za majengo vilikuja kutoka kwingine. Swali la nani mwenye kanisa, basi, lilikuwapo kabla ya swali la nani mwenye picha.

3. Picha na wachoraji wake

Mwaka 1943 Mmarekani aitwaye DeWitt Peters, mwalimu wa Kiingereza na mchoraji wa rangi za maji, alifika Haiti. Mwezi Mei 1944, akishirikiana na Wahaiti kadhaa wasomi, miongoni mwao msanifu majengo Albert Mangonès, alifungua Centre d'Art mjini Port-au-Prince. Nyumba hiyo ilikuwa mahali pa kuchorea, pa kuonyeshea na pa kuuzia picha. Muda si muda walianza kujitokeza watu ambao hawakuwahi kufundishwa uchoraji: Hector Hyppolite, aliyekuwa kuhani wa Vodou, Philomé Obin wa Cap-Haïtien, mtu mzima aliyekuwa akichora kwa miaka mingi bila ya kuangaliwa, Rigaud Benoit, dereva, Castera Bazile, mtumishi wa nyumbani kwa Peters mwenyewe. Hyppolite alifariki mwaka 1948, kwa hiyo hana picha katika kanisa kuu.

Mwaka 1950 Askofu Alfred Voegeli, Mmarekani, alikubali kuta za kanisa lake zichorwe na wachoraji hao. Kazi ilisimamiwa na Selden Rodman, mshairi wa Kimarekani aliyekuwa mmoja wa viongozi wa Centre d'Art. Rangi zilikorogwa kwa kiini cha yai, kwa ufundi wa kale usioruhusu uzembe, kwa sababu rangi ya namna hiyo hukauka upesi na mkono ukikosea huonekana. Huu ni ushahidi wa kwanza dhidi ya wale waliosema kuwa wachoraji hawa hawakuwa na ufundi. Mtu asiye na ufundi hawezi kujaza ukuta wa kanisa kwa rangi ya yai.

Nyuma ya altare zilipangwa picha tatu kubwa: Kuzaliwa kwa Yesu ya Benoit, Kusulubiwa ya Obin, na Kupaa ya Bazile. Juu yake Gabriel Lévêque alichora malaika. Katika mikono ya kanisa, kulia na kushoto, palikuwa na picha nyingine, zikiwemo Karamu ya Mwisho ya Obin, Ubatizo wa Yesu na Yesu Akiwafukuza Wafanya Biashara Hekaluni za Bazile, Arusi ya Kana ya Wilson Bigaud, na Maandamano ya Préfète Duffaut. Jasmin Joseph, aliyekuwa mfanyakazi wa kiwanda cha matofali, alitengeneza kwa udongo wa kuchoma kiambaza chenye matundu kilichoitenga kwaya.

Mpangilio huo wenyewe una maana. Aliyeketi kwenye benchi alikuwa na habari kuu tatu za imani mbele yake, yaani kuzaliwa, kufa na kupaa. Alipogeuza kichwa upande huu au ule, aliona mambo yanayotokea njiani: arusi, mto, mtaa, meza, soko. Katikati palikuwa mahali pa fumbo na pembeni mahali pa maisha, na picha zote zilionekana kwa pamoja. Mgeni aliyepita akitazama picha moja baada ya nyingine, kama mtu anayekagua bidhaa dukani, aliukosa mpangilio huu. Aliyeuona ni yule aliyekaa saa nzima akisubiri mahubiri yaishe.

Tuchukue kwanza kazi ya Obin. Sifa yake kuu ni unyofu wa mstari. Nyumba zimesimama wima, watu wamejipanga kwa heshima, kila kitu kimechorwa kwa makini ya karani anayeandika daftari. Wahakiki wengine wameuita mtindo huu ugumu wa mkono. Lakini Obin alikuwa mchoraji wa historia, na mkono wake ulikuwa mkono wa shahidi. Mwaka 1919 wanajeshi wa Marekani walimuua Charlemagne Péralte, kiongozi wa wapiganaji waliopinga ukaliaji wa nchi. Walimfunga maiti yake kwenye mlango, wakampiga picha, wakaieneza picha hiyo ili watu wakate tamaa. Kinyume cha walivyotarajia, Wahaiti waliona humo mtu aliyesulubiwa. Obin mwenyewe alimchora Péralte hivyo. Kwa hiyo, pale mkono huohuo ulipochora Kusulubiwa kwa Yesu nyuma ya altare ya kanisa lililojengwa wakati wa ukaliaji, Mhaiti aliyepiga magoti hakuona habari ya Yerusalemu peke yake. Picha haikumtaja Péralte, wala haikuhitaji kumtaja.

Bazile ni tofauti. Kwake mwili wa mtu una uzito, na rangi hubeba huzuni. Ubatizo wake unampeleka Yohane Mbatizaji kwenye mto wa Haiti. Si kwamba mchoraji alishindwa kuuwazia Yordani. Ubatizo ni jambo la maji, na maji anayoyajua mwamini ndiyo maji yanayoweza kumsafisha. Hapa ndipo fani na maudhui vinapokutana: mandhari ya nyumbani imekuwa sehemu ya mafundisho yenyewe.

Bigaud, aliyezaliwa mwaka 1931, alikuwa kijana wa miaka ishirini hivi alipoipewa Arusi ya Kana, na picha yake mara nyingi ilitajwa kuwa bora kuliko zote. Aliijaza ukuta mzima kwa watu wa kijiji na shughuli zao, na ngoma zikiwemo. Uzito wa ngoma hizo unataka maelezo. Katika miaka ya 1941 na 1942 Kanisa Katoliki nchini Haiti, likisaidiwa na serikali, liliendesha kampeni ya kuifuta dini ya Vodou. Ngoma na vyombo vitakatifu vilikusanywa vikachomwa moto. Haikupita miaka kumi, ngoma ikaonekana ukutani mwa kanisa la Kikristo, Yesu akiwa mgeni katika arusi ileile inamopigwa. Mchoraji hakuandika risala wala hakujibu hoja. Aliichora ngoma mahali pake, basi.

Hata hivyo, uhakiki wa haki hauwezi kuzisifu picha zote kwa kipimo kimoja. Wachoraji hawa walizoea vipande vidogo vya mbao na kadibodi, na si wote waliouweza ukubwa wa ukuta. Malaika wa juu, kwa mfano, wanapendeza kama pambo, lakini hawana nguvu ya kuziunganisha zile picha tatu za chini, kila moja ikiwa na mtindo wake. Duffaut naye, ambaye sifa yake ni miji ya kuwaziwa yenye barabara zinazopanda milima kama nyuzi na watu wadogo kama sisimizi, alifaa zaidi kutazamwa kwa karibu kuliko kutoka mbali. Kasoro hizi hazitokani na ujinga. Zinatokana na kazi ya wengi, iliyofanywa kwa muda mfupi, kwa kipimo kipya kwa kila mmoja wao.

4. Neno «naïf» na tatizo la istilahi

Maandishi ya Kifaransa yaliwaita wachoraji hawa «naïfs», na mengine yakawaita «primitifs». Mtafsiri wa Kiswahili akikutana na maneno hayo hujikuta njia panda. Akisema «sanaa ya kitoto» anawatukana watu wazima. Akisema «sanaa ya kishamba» anatukana mara mbili, kwa sababu wengi wao walikuwa watu wa mjini. Akisema «sanaa ya asili» anadai kwamba imerithiwa kutoka kwa mababu, jambo ambalo si kweli: hakuna babu aliyechora Karamu ya Mwisho kwa kiini cha yai. «Sanaa ya wasiosoma» nayo inamtaja mtu kwa alichokikosa, na haisemi alichonacho.

Tatizo hili si la tafsiri tu. Maneno hayo yana kazi yaliyoifanya. Rodman, aliyezisimamia picha za kanisa kuu na ambaye bidii yake haikanushiki, alichapisha mwaka 1974 kitabu juu ya sanaa ya Haiti chenye neno «muujiza» katika jina lake. Muujiza ni tukio lisilo na sababu za kawaida. Anayeita kazi ya mtu muujiza, hata kama nia yake ni kumsifu, anaifuta miaka ya majaribio, bei ya rangi, mashindano kati ya wachoraji, na akili iliyochagua kuweka hiki na kuacha kile. Juu ya hayo, muujiza huhitaji shahidi wa kuutangaza, na shahidi huyo alikuwa mgeni.

Wahaiti wenyewe waliliona jambo hili mapema. Mwaka 1950, mwaka uleule kazi ya kanisa kuu ilipoanza, kundi la wachoraji lilijitenga na Centre d'Art na kuanzisha Foyer des Arts Plastiques. Lalamiko lao lilikuwa kwamba soko la wageni linamtaka Mhaiti abaki «mnyofu», na kwamba anayejifunza na kubadilika hanunuliwi. Kwa maneno mengine, sifa ilikuwa imegeuka kuwa zizi.

Pendekezo la makala haya ni kwamba Kiswahili kisitafute neno la kutafsiri «naïf», bali kilikatae. Kiswahili kinajua tayari kumtofautisha «msanii aliyejifunza shuleni» na «fundi aliyejifunza kazini». Neno «fundi» halimdharau mtu. Linamtambua kwa ustadi, hata kama ustadi huo hauna cheti. Obin, Bazile na Benoit walikuwa mafundi wa picha, na ukiwaita hivyo swali linalofuata ni la haki: ufundi wao ulikuwa upi?

5. Port-au-Prince na Elisabethville

Mwanafunzi wa Lubumbashi ataona mara moja kwamba habari hii ina pacha wake hapa nyumbani. Miaka miwili tu baada ya Centre d'Art, yaani mwaka 1946, Mfaransa Pierre Romain-Desfossés alifungua mjini Elisabethville, ndio Lubumbashi ya leo, karakana ya uchoraji iliyojulikana kwa jina la Hangar. Humo walichora Pili Pili Mulongoy, Bela na Mwenze Kibwanga. Romain-Desfossés alishikilia kwamba wachoraji wake wasiige Ulaya, na picha zao za wanyama, ndege, samaki na majani zilipata wanunuzi wa kigeni. Nia ilikuwa ya upendo, bila shaka, lakini ilikuwa na mpaka ndani yake: mchoraji alilindwa dhidi ya Ulaya na, kwa wakati huohuo, dhidi ya siasa za nchi yake mwenyewe. Mgodi, kambi ya wafanyakazi na bendera ya mkoloni havikupata nafasi kubwa katika vichaka vile vizuri.

Hapo ndipo kanisa kuu la Port-au-Prince linapozidi. Ukuta wa kanisa haukuwa bidhaa ya kuuzwa. Haukuweza kufungwa katika sanduku na kupelekwa New York. Watazamaji wake wa kwanza walikuwa waumini wa Haiti, na mchoraji alijua hivyo. Kwa sababu hiyo alithubutu kuingiza mambo ambayo kipande cha kuuzia watalii kisingeyavumilia. Mnunuzi alipobadilika, picha nayo ilibadilika.

Kongo ilibidi isubiri hadi miaka ya 1970 ili kupata jambo linalolingana na hilo. Tshibumba Kanda Matulu, mchoraji wa mitaani aliyejifunza kazini, aliichora historia yote ya nchi, na mwaka 1973 na 1974 aliieleza picha kwa picha, kwa Kiswahili cha Shaba, mbele ya Johannes Fabian, aliyekuwa akifundisha Lubumbashi. Katika picha yake ya kifo cha Lumumba, misalaba mitatu imesimama nyuma ya maiti. Tshibumba hakuhitaji kumjua Obin ili afanye alilolifanya Obin kwa Péralte. Nchi zote mbili zilikuwa na mtu aliyeuawa ili wengine wakate tamaa, na katika nchi zote mbili fundi wa picha alimpa maiti huyo msalaba ambao Ukristo ulikuwa umemfundisha kuutambua.

Tofauti moja inafaa kutajwa kwa wanafunzi wa lugha. Maelezo ya Tshibumba yanasomeka leo katika Kiswahili chake mwenyewe, pamoja na utani wake, kusita kwake na madai yake. Habari za wachoraji wa kanisa kuu zilitufikia kwa sehemu kubwa kwa Kiingereza na Kifaransa, kupitia kalamu za waliowasimamia, ilhali lugha ya nyumbani kwao ni Kikreoli. Uhakiki unaokosa lugha ya msanii hauna budi kuitegemea picha zaidi, na kuwa na tahadhari zaidi na sifa zilizoandikwa na wengine.

6. Tetemeko na uokoaji

Siku ile ya Januari 2010, jioni saa kumi na moja kasoro dakika saba, kuta zilianguka. Pamoja nazo ilianguka shule ya muziki ya kanisa hilo, iliyolea okestra mashuhuri nchini. Katika kifusi zilibaki zimesimama sehemu tatu zenye picha: Karamu ya Mwisho ya Obin, Ubatizo wa Bazile, na Maandamano ya Duffaut. Hazikuchaguliwa na mhakiki wala na askofu. Arusi ya Kana, iliyosifiwa kuliko zote, ilipotea, Kusulubiwa pia. Picha ambazo zamani mgeni angeweza kuzipita haraka ndizo zilizokuwa sasa urithi mzima.

Taasisi ya Smithsonian ya Marekani, ikishirikiana na serikali ya Haiti na mafundi wa Kihaiti, iliendesha mradi wa kuokoa mali za utamaduni. Picha hizo tatu ziliimarishwa, zikafunikwa uso ili rangi isidondoke, zikakatwa kutoka katika kuta vipande vipande, zikawekwa katika makasha. Kazi hiyo ilifanywa chini ya hatari ya mitetemeko ya baadaye, na mtu mwenye haki hawezi kuwanyima waliofanya hivyo shukrani. Lau wangechelewa, mvua ingemaliza kilichoachwa na tetemeko.

Lakini shukrani isizibe swali. Ukuta uliochorwa ili usiuzike wala usisafirishike sasa umegeuka kuwa vipande vinavyobebeka. Kwa mara ya kwanza tangu 1951, Karamu ya Mwisho ya Obin inaweza kuwa kitu cha makumbusho. Kuna hoja nzito kwa upande huo. Katika miaka ya 2020 magenge yenye silaha yaliteka sehemu kubwa ya katikati ya Port-au-Prince, na hakuna mwenye akili atakayedai kwamba vipande hivyo vipelekwe leo kwenye uwanja usio na paa wala mlinzi. Aidha, ardhi iliyotetemeka mara moja itatetemeka tena. Wenye hoja hii husema: picha iliyo salama mahali pageni ni bora kuliko picha iliyovunjika mahali pake.

Hoja hiyo ni ya kweli kwa muda, lakini haifai kuwa ya kudumu. Uchambuzi uliotangulia umeonyesha kwamba nguvu ya picha hizi ilitokana na mambo matatu: mpangilio wake ndani ya jengo, watazamaji wake waliokuwa waumini, na ukweli kwamba hazikuwa za kuuzwa. Makumbusho yakizitunza kwa uangalifu wote, yatakuwa yameiokoa rangi na kuyapoteza yote matatu. Kinyume chake, kanisa jipya likijengwa hata kwa ukubwa mdogo, vile vipande vitatu vikirudishwa humo mbele ya watu wanaosali, mawili kati ya hayo yatapatikana tena, na la kwanza litaanza upya.

Iko pia njia ya tatu, nayo ni ya kukataliwa: kuzinakili upya picha 11 zilizopotea kutokana na fotografia. Nakala hizo zingempendeza mgeni anayetaka kuona kile alichokosa kukiona. Hata hivyo Bazile na wenzake hawakunakili picha za mtu. Walipewa kuta nyeupe na habari ya kale, wakaambiwa wachore. Heshima inayowastahili ni kuwapa mafundi wa leo kuta nyeupe, na kuwaacha waamue ni mto gani, ni mtaa gani na ni ngoma gani zitakazoingia humo.

7. Hitimisho

Uhakiki huu umejaribu kuonyesha kwamba picha za Kanisa Kuu la Utatu Mtakatifu hazikuwa muujiza wala kazi ya watu wasiojua. Zilikuwa kazi ya mafundi waliopewa, kwa mara moja, ukuta wa umma na watazamaji wa nyumbani, ndani ya jengo ambalo historia yake ilikuwa imechanganya uhuru na utawala wa kigeni. Ubora wake haukuwa sawa, na thamani yake haikuwa katika rangi peke yake.

Kwa watafiti wa Kongo kazi iliyobaki ni ya karibu. Makanisa ya parokia, baa, shule na nyumba za watu katika miji yetu zina kuta zilizochorwa na mafundi ambao hakuna aliyewauliza kwa Kiswahili walikusudia nini. Rangi hizo hazingoji tetemeko. Chokaa mpya ya mwenye nyumba inatosha kuzifuta. Mwanafunzi mwenye daftari na kinasa sauti, akiketi na fundi mmoja kabla ya chokaa hiyo kupakwa, atakuwa ameokoa kitu ambacho huko Port-au-Prince, pamoja na mashine na fedha zote zilizopelekwa, hakikuweza kuchimbuliwa katika kifusi: maneno ya mchoraji mwenyewe juu ya kazi yake.